Kifaru Juu ya Meza: Lugha ya Kanuni katika Michezo ya Vita



Nakushukuruni kwa heshima mliyonipa ya kusimama mbele yenu katika mfululizo huu wa mihadhara ya umma kuhusu taaluma za Kiswahili. Waliotangulia wamezungumzia ushairi, fonolojia, fasihi simulizi na sera ya lugha. Mimi nimechagua mada ambayo pengine itawashangaza baadhi yenu: mchezo wa mezani ambamo watu wazima hupanga vifaru vidogo, vingine havizidi urefu wa kidole gumba, wakapigana navyo kwa kufuata kitabu cha kanuni. Sikuja kuutangaza mchezo huo. Nimekuja kwa sababu kitabu chake cha kanuni kinauliza swali ambalo sisi wanaisimu hatujalijibu vya kutosha: je, Kiswahili chetu kinaweza kuamuru, kuruhusu, kukataza na kushurutisha kwa usahihi kiasi kwamba watu wawili wanaoshindana wasipate mwanya wa kugombana?

1. Utangulizi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, kazi kubwa ya istilahi imefanyika nchini. Orodha zimechapishwa, kamusi za taaluma zimetoka, na mwanafunzi wa leo ana maneno ya fizikia na biolojia ambayo babu yake hakuwa nayo. Hata hivyo, ukizipitia orodha hizo utaona kwamba sehemu kubwa ni nomino. Tumejitahidi kuvipa vitu majina.

Kanuni haiishi kwa majina peke yake. Inaishi kwa vitenzi, kwa viambishi vya masharti na kwa upatanisho wa kisarufi. Hoja yangu jioni hii ni kwamba Kiswahili kinayo mali hiyo tayari, na kwamba sehemu yake kubwa imehifadhiwa mahali pawili ambapo wanaistilahi hatupatembelei mara kwa mara: kwenye ubao wa bao, na katika vinywa vya askari waliopigana Vita vya Kagera. Hazina ya pili inapungua kila mwaka, na ndiyo sababu nimeona mada hii isisubiri.

2. Mchezo wenyewe

Kwa faida ya wale wasioujua, nieleze kwa ufupi. Mwaka 1824 afisa wa mizinga wa Prussia, Georg Heinrich von Reisswitz, akiendeleza kazi aliyoianza baba yake, alichapisha kanuni za mchezo wa vita kwa ajili ya maafisa. Vikosi viliwakilishwa na vipande vidogo juu ya ramani, dadu ziliwakilisha bahati, na mwamuzi alishika majedwali ya hasara. Mwaka 1876 afisa mwingine wa huko, Julius von Verdy du Vernois, alipendekeza majedwali yawekwe kando na mwamuzi aamue kwa uzoefu wake. Ubishi huo wa jedwali na hekima ya mwamuzi haujamalizika hadi leo, nami nitaurejea nitakapolitaja bao.

Mchezo ulitoka kambini ukaingia majumbani. Mwandishi wa Uingereza H. G. Wells alichapisha kanuni za vita vya wanasesere mwaka 1913. Mwaka 1962 Donald Featherstone, aliyekuwa askari wa kikosi cha vifaru katika Vita Kuu ya Pili, alitoa kitabu kilichousambaza mchezo huu miongoni mwa raia wa kawaida. Mwaka 1971 zikachapishwa Marekani kanuni zilizoitwa Tractics, zilizohusu vifaru vya Vita Kuu ya Pili. Tangu hapo zimeandikwa nyingine nyingi, na vifaru vidogo hutengenezwa kwa vipimo maalumu, kama vile sehemu moja ya 72 au sehemu moja ya 285 ya ukubwa wa kifaru halisi.

Kinachozitofautisha kanuni za vifaru na michezo mingine ni kwamba zinajaribu kusema ukweli kuhusu chuma. Nitoe mfano. Kifaru cha T-55 kilichoundwa Urusi ya Kisovieti kina bamba la mbele lenye unene wa milimita 100, lakini halikusimama wima. Limelazwa kwa nyuzi 60. Kombora linalokuja sambamba na ardhi halikutani na milimita 100 bali 200, kwa kuwa linalipita bamba hilo kimshazari. Ubavuni hali ni tofauti, kwa maana bamba ni jembamba na limesimama. Kwa hiyo kanuni haitoshi kuuliza kama kombora limefika. Lazima iulize limetoka upande gani, kwa masafa gani, na kifaru kilichorusha kilikuwa kimesimama au kinakwenda. Kila swali kati ya haya ni sentensi yenye sharti, na hapo ndipo sarufi inapoitwa kazini.

3. Faru wa Idodi na kifaru cha vita

Tuanze na neno lenyewe. Mashine hii ilipotokea kwa mara ya kwanza vitani, kule Ufaransa tarehe 15 Septemba 1916, Waingereza waliificha kwa kuiita jina la chombo cha kuwekea maji. Wajerumani baadaye waliiita kwa jina la deraya inayoivaa. Wafaransa waliliazima jina la gari la farasi la vita vya kale. Waarabu waliliunda jina kutokana na kitenzi cha kutambaa. Kila lugha iliitazama mashine ile ile ikaona jambo moja. Kiswahili, ambacho tayari kilikuwa na neno tangi, kililiachia tangi maji na mafuta, kikamwendea mnyama: mwenye ngozi nene, pembe mbele, na tabia ya kushambulia moja kwa moja.

Nami natoka mahali ambapo mnyama huyo hakuwa sitiari. Tarafa ya Idodi, katika Wilaya ya Iringa, ipo magharibi ya mji, kwenye barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Msafiri hupita jirani na Kalenga, ambako ngome ya Mtwa Mkwawa ilianguka mikononi mwa Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, kisha huteremka hadi kwenye mashamba ya mpunga ya Idodi, na mbele yake ni pori. Wazee wa huko walimfahamu kifaru kwa nyayo na kwa kishindo, kabla ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 haujawafagia wanyama hao katika sehemu kubwa ya nchi.

Sasa tazameni sarufi inavyofanya kazi. Mzee wa Idodi akisema “vifaru wawili wamevuka mto,” amesema habari ya wanyama. Askari akisema “vifaru viwili vimevuka mto,” amesema habari ya mashine. Neno ni moja, umbo ni moja, nomino yenyewe haikubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni upatanisho: wa-/wa- kwa kiumbe mwenye uhai, vi-/vi- kwa chombo. Lugha nyingi zingehitaji neno la pili au maelezo marefu. Kiswahili kimeitatua kazi hiyo kwa kiambishi.

Matumizi ya Tanzania yamekwenda hatua moja mbele. Mnyama anaitwa zaidi faru, hasa katika lugha ya uhifadhi. Wengi mtakumbuka jinsi jina la Faru John lilivyovuma mwaka 2016. Neno kifaru nalo linazidi kuachiwa jeshi. Mgawanyo huu haukuamriwa na kamati yoyote ninayoifahamu. Umeletwa na kazi: watu wa hifadhi walihitaji neno lao, na askari walikuwa na lao.

Idodi ina ushahidi mwingine wa jambo hilo hilo. Jina la MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, lilianza kama jina la mradi katika miaka ya 1990, likawa jina la jumuiya ya wananchi wanaosimamia eneo la wanyamapori. Neno malihai ni istilahi. Lakini halikukaa kitabuni likisubiri msomaji. Lilipewa mipaka ya ardhi, vikao, askari wa doria na mgawanyo wa mapato. Istilahi iliyopewa kazi huishi. Hilo ndilo nitakalolidai kwa ajili ya lugha ya kanuni.

4. Vitenzi vinne badala ya kimoja

Tuchukue sasa sentensi ambayo kila mmoja wetu angeiona haina kasoro: “Kifaru kimepiga kifaru.” Katika masimulizi inatosha. Katika kanuni ni janga, kwa sababu kupiga kwa Kiswahili ni kufyatua na pia ni kugonga. Mtu hupiga risasi hata kama risasi imekwenda kwenye miti. Je, mchezaji aliyepiga ametimiza nini? Mwenzake atasema, “Umepiga, lakini hukupata.” Naye atajibu, “Kanuni imesema nikipiga kimeharibika.” Mchezo umekwisha, ugomvi umeanza.

Ukisikiliza vizuri, hata hivyo, jibu limo ndani ya ubishi wenyewe: umepiga, hukupata. Mzungumzaji wa kawaida hutofautisha pale anapolazimika. Kazi ya mwandishi wa kanuni ni kulazimika tangu mwanzo. Mimi napendekeza vitenzi vinne, kila kimoja na hatua yake. Kurusha ni kutoa kombora mtutuni. Kupata ni kombora kugusa shabaha. Kupenya ni kombora kupita ndani ya bamba. Kuangamiza ni kukitoa kifaru mchezoni. Hatua moja haimaanishi ya pili. Kombora linaweza kurushwa lisipate, likapata lisipenye, likapenya lisiangamize kwa kuwa limepita sehemu isiyo na mtambo wala mtu.

Kwa vitenzi hivyo kanuni huweza kuandikwa hivi: “Mrushaji hutupa dadu mbili. Jumla ikiwa 8 au zaidi, kombora limepata. Shabaha ikiwa imesogea katika zamu iliyotangulia, jumla hupunguzwa 1.” Mwanafunzi wa hesabu atatuambia kwamba dadu mbili zina matokeo 36, na kwamba 15 kati yake hutoa 8 au zaidi. Shabaha ikisogea, mrushaji anahitaji 9, na matokeo yanayomfaa yanashuka hadi 10. Sentensi fupi ya masharti imebeba tofauti ya theluthi nzima ya uwezekano. Kosa la neno moja hapo si kosa la mtindo. Ni kosa la hesabu.

Kitenzi kingine chenye hatari ni kuweza. “Kifaru kinaweza kusogea sentimita 20.” Je, huo ni uwezo, ruhusa au kikomo? Katika mazungumzo muktadha hutuongoza. Kwenye kanuni muktadha ndio unaobishaniwa. Afadhali kusema: “Kifaru kisogee kisizidi sentimita 20.” Hali ya dhamiri tegemezi hutoa ruhusa na kikomo kwa pamoja. Na tunapotaka kueleza utaratibu usiobadilika, tunacho kiambishi hu-, kile kile kinachobeba kweli za jumla katika methali kama “Mvumilivu hula mbivu.” Kwa hiyo “mrushaji hutupa dadu” ni utaratibu wa mchezo, “mrushaji atupe dadu” ni agizo kwa mtu aliye mezani sasa, na “mrushaji akitupa” ni sharti. Viambishi vitatu vimetenganisha mambo matatu ambayo waandishi wetu wa kanuni na miongozo huyachanganya kila siku.

5. Nani amemrushia nani

Tatizo la pili ni la marejeo. Isomeni sentensi hii: “Kifaru kikilenga kifaru na kikawa kimesogea, kitapunguza alama moja.” Ni kipi kilichosogea? Ni kipi kinachopunguza? Vifaru vyote viwili ni vya ngeli ya ki-/vi-, na kiambishi ki- hakijui tofauti yao. Wapo watakaosema hapo Kiswahili kimeshindwa. Mimi nasema mwandishi ndiye hajaitumia lugha yake.

Ngeli zetu si mzigo wa kukariri tu, bali ni chombo cha kufuatilia marejeo. Mwandishi akikipa kila kifaru jina la ngeli tofauti, utata unayeyuka: “Mrushaji akilenga shabaha, nayo ikawa imesogea, apunguze alama moja.” Mrushaji ni wa a-, shabaha ni ya i-. Hakuna msomaji atakayekosea, hata sentensi ikirefuka mara tatu. Katika lugha ambazo kiwakilishi kimoja hutumika kwa vitu vyote visivyo na uhai, mwandishi wa kanuni hulazimika kuyarudia majina mstari hadi mstari. Sisi tunaweza kuyabeba ndani ya kitenzi.

Kwa hiyo uteuzi wa istilahi kwa ajili ya kanuni usiangalie maana peke yake. Uangalie pia ngeli. Maneno mawili yatakayokutana ndani ya sentensi moja mara mia ni vyema yasiwe na kiambishi kimoja. Sijaona kigezo hiki kikitajwa miongoni mwa vigezo vyetu vya kuunda istilahi, na naomba wanafunzi wa uzamili walichukue kama swali la utafiti.

6. Bao kama kitabu kisichoandikwa

Baadhi yenu mnajiuliza kama yote haya si ugeni mtupu. Naomba mlikumbuke bao. Ubao una safu 4 za mashimo 8, jumla mashimo 32, na kete 64. Kila mchezaji huanza akiwa na kete 22 mkononi, nyingine zikiwa zimepangwa ubaoni. Ni mchezo wa vita usiotumia dadu, na msamiati wake ni hazina ya vitenzi. Kunamua ni kuingiza kete kutoka mkononi. Kula ni kuteka kete za mwenzako. Kutakata ni kucheza bila kula. Kulala ni kete ya mwisho kuangukia shimo tupu na zamu kukoma. Nyumba nayo husafiri. Mwenye nafasi ya kula lazima ale. Hana hiari ya kutakata.

Angalieni jinsi kila kitenzi kilivyo na mpaka wake. Hakuna mchezaji wa bao anayechanganya kutakata na kula, kama sisi tulivyochanganya kupiga na kupata. Maneno hayo ni ya kawaida kabisa katika lugha ya nyumbani: watu hula, hulala, husafiri. Mchezo umeyachukua, ukayapa mipaka mipya, na mipaka hiyo imelindwa na watazamaji walioketi kandokando ya ubao. Mtafiti Alex de Voogt, aliyeandika tasnifu yake ya mwaka 1995 kuhusu umahiri wa mabingwa wa bao, alionyesha jinsi mchezo huu unavyohitaji uwezo mkubwa wa akili. Sisi wanaisimu tungeongeza kwamba unahitaji pia usahihi mkubwa wa lugha.

Hapa ndipo ubishi wa Reisswitz na Verdy unaporudi. Bao limeishi kwa hekima ya watazamaji. Kanuni za vifaru zimeishi kwa maandishi. Ya kwanza inahitaji mzee aliye karibu. Ya pili inaweza kusafiri hadi mahali ambapo hakuna mzee. Taifa ambalo wazee wake wanaondoka lina haja ya kujifunza njia ya pili bila kuidharau ya kwanza.

7. Lukaya juu ya meza

Nafika sasa kwenye kiini cha mhadhara. Kama tutaandika kanuni za vifaru kwa Kiswahili, tuandike kuhusu vita gani? Vitabu vya wenzetu vimejaa majangwa ya Afrika ya Kaskazini na nyika za Urusi. Sisi tunayo Lukaya.

Majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilijibu, likavuka mpaka, na mwezi Februari 1979 likauteka mji wa Masaka. Njia ya Kampala kutoka hapo hupita Lukaya, na mbele yake barabara imeinuliwa katikati ya kinamasi kirefu. Tarehe 10 Machi 1979 Brigedi ya 201, iliyokuwa na wanamgambo wengi wasiozoea vita, ilikutana na jeshi la Uganda likisaidiwa na askari wa Libya wenye vifaru vya T-55 na mitambo ya roketi. Brigedi ilivurugika, ikatawanyika. Usiku huo makao ya Divisheni ya 20, chini ya Meja Jenerali David Musuguri, aliyefariki mwaka 2024, yaliiagiza Brigedi ya 208 igeuke na kuikata barabara nyuma ya adui. Alfajiri ya Machi 11 adui alijikuta akishambuliwa kutoka pande mbili, akarudi nyuma kwa hasara kubwa. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979.

Fasihi yetu haikulala. Mwaka 1980 Baldwin Mzirai alichapisha Kuzama kwa Idi Amin, na mwaka 1981 Henry Muhanika alitoa Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada. Tunao, basi, utenzi na tunayo taarifa. Utenzi humsifu mwenye kusifiwa na kumlaani mwenye kulaaniwa. Taarifa hueleza kilichotokea kwa mfuatano wa siku. Utanzu wa tatu bado hatuna: ule unaouliza ni nini kingaliweza kutokea, na kwa nini hakikutokea. Huo ndio utanzu wa kanuni.

Tofauti yake inaonekana mara moja katika msamiati. Wakati wa vita ile Amin aliitwa nduli, na neno hilo lilikuwa na kazi yake katika kulihamasisha taifa. Lakini kanuni haiwezi kusema “kombora la nduli.” Lazima izipe pande zote mbili maneno yale yale na namba zile zile, la sivyo haijaeleza chochote. Kifaru cha Type 59, ambacho Tanzania ilikipata kutoka China, kiliundwa kwa mfano wa T-54 ya Kisovieti, ndugu mkubwa wa T-55. Mizinga yote ni ya milimita 100, na mabamba ya mbele yanafanana. Kanuni ya haki itakubali kwamba chuma kwa chuma, Type 59 na T-55 zilikaribiana sana.

Ni kukubali huko kunakotufikisha kwenye swali lenye thamani. Kama chuma kilikaribiana, ni nini kilichoamua? Kinamasi kilichokataza kifaru kuacha barabara. Giza. Miguu ya askari wa Brigedi ya 208. Na jambo ambalo wenzetu hulipa nafasi kubwa katika kanuni zao, nasi tuna maneno matatu yanayoligombania: moyo, hamasa na ari. Moyo ni wa mtu mmoja. Hamasa hupanda kwa hotuba na hushuka baada yake. Ari ni ya kikosi, na ndilo neno la kambini. Napendekeza ari. Kanuni itasema: “Kikosi kikishambuliwa na vifaru nacho hakina silaha ya kupenya deraya, kifanye jaribio la ari. Kikishindwa, hutawanyika.” Katika sentensi hizo mbili wanamgambo wa Machi 10 hawasifiwi wala hawalaaniwi. Wanaeleweka.

Na mchezo ukimalizika, wachezaji huongea kwa -ngali-: “Kama Brigedi ya 208 isingalifika alfajiri, barabara ya Masaka ingalifunguka.” Walimu wa sarufi huitafutia -ngali- mifano ya mvua na mavuno. Hapa kuna mfano uliobeba historia ya nchi mbili.

8. Je, ni halali kucheza?

Swali hili ni la haki, na halijibiwi kwa mzaha. Vita vile vilichukua roho za watu. Katika Nyanda za Juu za Kusini zipo familia zilizowapeleka vijana ambao hawakurudi, na mjane hawezi kuombwa afurahie mwanawe awe kipande cha plastiki mezani. Wapo pia wazazi na viongozi wa dini wanaoiona dadu wakakumbuka kamari.

La dadu ni jepesi: pasipo fedha hapana kamari, na asiyeitaka dadu aandike namba kwenye vipande vya karatasi avitie mfukoni. La wafu ni zito zaidi. Jibu langu ni kwamba mchezo wa aina hii huwa kufuru pale unapoficha gharama. Kanuni ambayo kikosi kikitawanyika huondolewa tu mezani, kana kwamba hakikuwapo, ina dosari ya kimaadili. Kanuni inayomlazimisha mchezaji kuandika kila kikosi kilichopotea, na kusoma orodha hiyo kwa sauti mwishoni, inafundisha kile ambacho utenzi na taarifa hufundisha kwa njia zao. Mwandishi anayo hiari hiyo, na hiari hiyo huwekwa kwa lugha.

9. Mapendekezo

Nimalizie kwa mambo matatu ya kufanya.

La kwanza, tukusanye vitenzi vya askari. Jeshi la Wananchi, tangu lilipoundwa Septemba 1964, limefanya kazi kwa Kiswahili. Makamanda waliongoza vifaru kwa lugha hii, usiku, chini ya moto, na walieleweka. Kijana aliyekuwa na miaka 20 pale Lukaya sasa amevuka 60, na wengi wenzake wametangulia. Tusiwaulize tu mliona nini. Tuwaulize: mlisemaje kifaru kigeuke? Mlisemaje kombora limegonga lakini halikupenya? Maneno hayo hayamo katika kamusi zetu, na wenye nayo hawatatusubiri.

La pili, kanuni za bao ziandikwe kwa ukamilifu, eneo kwa eneo, kwa kuzingatia vitenzi na masharti yake, ili ziwe kielelezo kwa yeyote atakayeandika kanuni za jambo lolote: mchezo, maabara, ushirika wa mpunga au eneo la malihai.

La tatu ni zoezi kwa wanafunzi. Andikeni ukurasa mmoja wa kanuni za Lukaya. Mchezo hauhitaji vifaru vya kununuliwa. Watoto wa vijijini kwetu hufinyanga magari kwa udongo, na udongo wa Idodi unafaa kabisa. Kisha ukurasa huo wapeni watu wawili ambao hamkuwaeleza chochote, mkae kando, msiseme neno. Wakicheza hadi mwisho bila kuwaita, mmeandika Kiswahili sanifu kwa maana kamili ya neno hilo. Wakiwaita, rudini kwenye sentensi waliyobishania, mtazame kitenzi chake na kiambishi chake. Mtakuta tatizo limekaa pale pale.